Faini Moja, Mifuko Miwili

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya neno dogo sana linalosikika kila siku katika mahakama zetu. Neno hilo ni "au". Hakimu anasema: utalipa faini ya kiasi fulani, au utakwenda jela miezi kadhaa. Kwa mwenye fedha, neno hilo ni mlango wa kutokea. Kwa asiye nazo, ni mlango wa karandinga.

Chukua mfano wa Kariakoo. Watu wawili wanakamatwa siku moja katika Mtaa wa Kongo kwa kosa moja la kupanga bidhaa njiani. Mmoja ana duka, na mali yake imevuka kizingiti. Mwingine ametandika turubai, anauza nguo za mitumba. Tuseme kila mmoja anatozwa shilingi 50,000 au kifungo cha miezi mitatu. Mwenye duka anampigia simu karani wake, na kabla ya adhuhuri yuko dukani. Wa turubai anapandishwa karandinga kuelekea Ukonga. Kosa ni moja, na hukumu iliyoandikwa ni moja, lakini adhabu zimekuwa mbili.

Jambo hili si geni katika mji wetu. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3, na nyumba za mjini zikatozwa zaidi. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Tangu hapo fedha na siku za mtu zikawa zinabadilishana mbele ya serikali: ukikosa moja, unatoa nyingine.

Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, watu ambao wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Utawala huo uliendelea na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Sheria yao iliacha nafasi ya kumsamehe mzee na fukara, na ya kumruhusu asiye na fedha afanye kazi badala ya kulipa. Lakini katika mitaa ya Waafrika hapa mjini, kodi ilijulikana zaidi kwa misako. Askari walimsimamisha mtu na kumdai stakabadhi. Swali lilikuwa "stakabadhi yako iko wapi?" Swali la "unapata kiasi gani?" halikuwa na nafasi katika msako.

Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikafutwa tena mwaka 2003. Katikati ya hapo, mwaka 1983, ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Vijana wa Dar es Salaam walioonekana hawana shughuli halali walikamatwa ili wapelekwe vijijini kulima. Wengi wao walikuwa wachuuzi. Walikuwa na shughuli, ila hawakuwa na karatasi ya kuithibitisha. Kamba, ndugu msikilizaji, hukatikia pembamba.

Je, sheria zetu zimekaa kimya kuhusu mfuko wa mkosaji? Hapana. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945 inasema kwamba pale ambapo sheria haikutaja kiwango cha juu cha faini, mahakama haifungwi na kiwango, lakini faini isiwe ya kupita kiasi. Majaji wa Afrika Mashariki wamerudia mara nyingi kwamba faini ipimwe kwa uwezo wa anayetozwa. Faini ambayo hakimu anajua kuwa mtu hawezi kuilipa ni kifungo kilichovishwa kanzu ya huruma.

Wenzetu wa mbali nao wamehangaika na jambo hili. Finland, tangu mwaka 1921, huhesabu faini kwa siku. Kosa ndilo linaloamua idadi ya siku, na kipato cha mtu kinaamua bei ya kila siku. Hivyo tajiri na maskini wakifanya kosa moja hupata siku sawa, lakini kila mmoja hulipa shilingi za kimo chake.

Nchini Marekani, mwaka ule ule wa 1983, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri la Bearden dhidi ya Georgia. Bearden aliachwa nje kwa masharti ya kulipa faini na fidia, jumla dola 750. Alilipa dola 200 za kukopa kwa wazazi wake, kisha akaachishwa kazi. Akafungwa kwa kushindwa kumaliza deni. Mahakama ikasema kabla ya kumfunga mtu kwa sababu hiyo ni lazima kwanza kuchunguza kama alikataa kulipa au alishindwa. Hata hivyo, katika majimbo mengi ya huko, anayetumikia adhabu nje ya jela bado hutozwa ada ya kusimamiwa, na hata ada ya bangili inayofungwa mguuni.

Sisi tulichagua njia nyingine. Tulikuwa na sheria ya uangalizi wa wakosaji tangu mwaka 1947. Mwaka 1996 wajumbe kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Kampala wakahimiza adhabu zisizo za jela. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998, na sisi mwaka 2002 tukatunga Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mkosaji anafanya kazi ya umma bila malipo, kama kufagia zahanati au kufyeka uwanja wa shule, kisha anarudi nyumbani kulala. Hatozwi ada, na hilo ni jema.

Lakini tusijidanganye kwamba adhabu hiyo haina bei. Mbeba mizigo wa Kariakoo akitumia asubuhi yake kufagia, amepoteza saa ambazo malori yanashusha mzigo. Nauli ya daladala inatoka mfukoni mwake. Akikosa kufika siku mbili kwa sababu ametafuta unga wa watoto, ataambiwa amevunja masharti. Hiyo ni ada, hata kama haikuandikwa kwenye stakabadhi.

Kwa hiyo uchunguzi wa uwezo wa mtu usiwe wa kumtazama kwa macho tu. Macho hudanganya, hasa Kariakoo. Kijana amesimama na lundo la viatu, na anayemtazama anaona mtaji. Kumbe viatu vyote ni mali kauli: jioni atapeleka hesabu kwa mwenye mali, abakiwe na fedha ya chakula. Ukimtoza kwa thamani ya lile lundo, umemtoza kwa mali ya mtu mwingine. Na akiilipa faini kwa fedha za mali kauli, kesho hatapewa mzigo tena, na jela ameikwepa kwa kupoteza kazi.

Maswali ya kumwuliza si mengi. Kwa siku unabakiwa na nini? Nani wanakula kwako? Unalipa kodi ya chumba kiasi gani? Unadaiwa na nani? Ukipewa miezi ya kulipa kidogo kidogo, utaweza? Ukipewa kazi ya jamii, saa gani hazitakunyima riziki? Wako watakaoficha walichonacho, kweli. Ndiyo maana afisa aende hadi gengeni na kwa mwenye nyumba akathibitishe. Nauli ya afisa mmoja ni ndogo kuliko gharama ya serikali kumlisha mfungwa miezi mitatu.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hakimu wetu si lazima awe na njaa ndipo atende haki. Inatosha kwamba, kabla hajatamka lile neno "au", amwulize aliyesimama mbele yake.