Programu nayo ina baraza

Kijitabu cha istilahi za kompyuta nilicholetewa hapa Mutakura, Bujumbura, kina karatasi nzito na jalada la kung'aa, na ndani yake mna mzigo ulioninyima usingizi: kiolesura mchoro cha mtumiaji. Maneno manne kwa kitu ambacho kijana yeyote wa mtaa huu anakigusa kwa kidole bila kufikiri. Waliokitunga sitawataja. Wanajijua, na mimi wananijua, maana niliwahi kusimama mbele ya baadhi yao kwenye semina nikatoa neno langu, wakacheka, kisha wakaenda kunywa chai.

Neno langu ni baraza.

Kabla sijalitetea, nikitendee haki kiolesura. Wanaokipenda hunieleza kwamba ndani yake mna kiolezo na sura, vikashonwa pamoja. Kiolezo ni kitu cha kufananishia. Fundi cherehani anacho, cha kukatia kola. Sura ni sura. Kwa hiyo tumepata kifananishio cha uso, na hapo ndipo ninapokataa. Waliolipeleka neno la Kizungu, interface, kwenye kompyuta walilikuta kwa wanafizikia wa Uingereza wa karne ya 19, waliolitumia kwa ule mpaka ambapo sehemu mbili za maada hukutana, kama mafuta yaliyotuama juu ya maji. Maana yake ilikuwa mahali pa kukutania. Sisi tumechukua nusu yake ya pili, uso, tukaacha kukutana. Uso unaweza kutazamwa mchana kutwa usikujibu.

Baraza inajibu. Wengi hulihusisha neno hili na mzizi wa Kiarabu b-r-z, wenye maana ya kutokeza, kujitokeza mbele ya watu. Na ndivyo baraza ilivyo: sehemu ya nyumba iliyotoka nje kuwapokea wasio wa nyumba. Unguja Mjini ni kibao cha mawe ubavuni mwa mlango. Lamu kuna daka, lenye viti vya mawe huku na huku, mgeni akaketi hapo akazungumza haja yake, wala asijue jikoni kunapikwa nini. Neno likapanda bara na misafara ya biashara hadi Ujiji na ukingo mzima wa ziwa letu, Tanganyika. Kirundi kikalipokea kwa jina la ibaraza. Wabelgiji nao walilipenda, wakalikata irabu moja wakaandika barza, na mpaka leo Mfaransa aliyekaa Bujumbura au Bukavu husema barza asijue kwamba anasema Kiswahili. Neno gani la kamati limewahi kusafiri hivyo bila nauli?

Sasa tazama programu. Kijana anayejifunza kwangu anaandika kwa Python, akitumia maktaba ya Tkinter inayokuja nayo, programu ndogo ya duka la unga na maharage. Kwanza anafungua dirisha. Juu yake anatundika menyu, chini anapanga vitufe viwili vitatu, kila kimoja akikifungia kazi yake: hiki kijumlishe, hiki kifute. Halafu anaandika mstari wa mwisho, ule wa mainloop, na programu haifanyi lolote tena. Inakaa. Inasubiri mtu abishe hodi. Kitufe kikibonyezwa, hodi hiyo inapokelewa, kazi inafanyika ndani kusikoonekana, jibu linaletwa nje, na programu inarudi kukaa. Mwanafunzi mpya huuliza kila mara kwa nini mstari ule ukisahaulika dirisha linafumba na kutoweka. Nilipokuwa nikieleza kwa kiolesura, nilimaliza chaki. Siku niliyosema, "Mwenye nyumba hakukaa barazani, nani atamngoja mgeni?" hakuuliza mtu tena.

Walinijibu, baada ya chai, kwamba baraza tayari ni la mawaziri. Mtaalamu mmoja, ambaye kwa heshima ya umri wake simtaji, alisema watu watadhani kompyuta ina wajumbe. Hoja hii ingekuwa nzito kama isingetoka kwa watu waliokubali dirisha bila kusita. Dirisha lenyewe Waajemi walilileta likiwa dariche, mlango mdogo, sisi tukalifanya la kupitishia upepo, na tangu mashine za Xerox na Macintosh ya mwaka 1984 zilipoyazoesha macho ya watu madirisha ya kwenye skrini, hakuna aliyelalamika kwamba halina nondo. Kipanya nacho hakuna aliyekiogopea paka. Baraza tu ndiyo izuiwe? Tena mkutano uliitwa baraza kwa sababu wazee walikaa barazani. Kibao cha mawe kilitangulia, wajumbe wakafuata. Hata Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1967, sijasikia aliyekwenda na jamvi akitaka kulikalia. Asiyetosheka, namgawia ngeli: baraza la wazee, baraza ya programu. Wapo tayari wanaosema baraza ya nyumba, na sarufi haijaanguka.

Simdharau aliyetangulia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na kazi ile ilihitaji ujasiri kuliko makala. Lakini ujasiri wa kutunga usiwe uvivu wa kusikiliza. Kitufe, kwa mfano, kimetoka kwa tufe, kitu cha mviringo, na vitufe vyote nilivyochora maishani ni mistatili. Nimekiacha kipite, sipigani vita viwili. Menyu pia ipite. Ila menyu ya Hariri ilinitoa jasho: dada mmoja aliyezoea kuuza vitenge alisoma neno lile akaniuliza kompyuta inauza kitambaa gani, na bei yake. Kitufe cha Ghairi sikuthubutu kumsomea. Badala yake, siku ile tuliandika Acha.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi maana nafasi imekwisha: kuunda baraza ya programu, baraza yenye madirisha, menyu na vitufe, programu isiyo na baraza, yaani ile inayoendeshwa kwa kuandika amri, wingi wake baraza za programu. Vijana wangu, kwa kuwa ni watoto wa Bujumbura, hutamka barza, na faili lao la kwanza limehifadhiwa kwa jina hilo, barza.py, bila irabu yangu. Sijawasahihisha.