Magurudumu Mawili au Manne?

Msomaji, yamkini umepata kuona magari mawili yafananayo kama shilingi na shilingi: jina moja, umbo moja, injini moja, hata rangi moja. Jicho halioni tofauti. Lakini inama utazame uvunguni. Katika moja utaona mhimili mrefu wa chuma utokao mbele kwenda nyuma, nao huyazungusha magurudumu ya nyuma. Katika la pili mhimili huo haupo, na magurudumu ya nyuma yafuata tu, kama mkokoteni umfuatavyo punda. La kwanza mafundi wetu huliita fowili. Mnunuzi hulipia chuma hicho siku anunuapo gari na kila siku ajazapo petroli. Basi yafaa kujua kilitoka wapi, na chamfaa nani.

Zamani karibu magari yote yalisukumwa kutoka nyuma. Injini ilikaa mbele, na nguvu yake ikapelekwa nyuma kwa mhimili. Kuyafanya magurudumu ya mbele yavute lilikuwa jambo gumu, kwa kuwa tayari yana kazi ya kupinda kushoto na kulia. Kilihitajika kiungo kiwezacho kuzunguka kwa mwendo ulio sawa huku kimekunjwa. Mwaka wa 1934 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitoa gari la namna hiyo kwa wingi, likaitwa Traction Avant. Mwaka wa 1959 Uingereza ikatoa Mini, gari la urefu wa mita tatu hivi lililochukua watu wanne, kwa sababu mbuni wake, Alec Issigonis, aliilaza injini kikingamo. Mhimili ukiondolewa, sakafu hushuka na abiria hupata nafasi ya miguu. Tena uzito wa injini huyakandamiza yale magurudumu yavutayo, nayo yakashika ardhi barabara.

Afrika Mashariki iliyaona hayo kwa macho yake. Katika mashindano ya Safari ya mwaka wa 1964, Erik Carlsson wa Sweden alishika nafasi ya pili kwa Saab ndogo yenye kuvuta kwa mbele. Inasimuliwa kwamba alipokwama matopeni, yeye na mwenzake walilibiringisha gari kama pipa mpaka likasimama tena kwa magurudumu yake pahali palipo imara. (Nakusihi usijaribu jambo hilo kwa gari la baba yako.)

Walakini kuvuta kwa mbele kuna udhaifu wake. Gari lipandapo mlima, uzito hurudi nyuma, na magurudumu ya mbele huwa mepesi pale pale yanapotakiwa kushika kwa nguvu. Ndiyo maana wako madereva ambao, wakishindwa na kilima chenye utelezi, huligeuza gari na kukipanda kinyumenyume: hapo injini hukaa upande wa chini, ikayakandamiza tena magurudumu yenye kazi.

Sasa twende Japani. Kampuni ya Fuji Heavy Industries ilizaliwa mwaka wa 1953 kutokana na mabaki ya kiwanda cha ndege cha Nakajima, kilichozuiwa kuunda ndege baada ya vita. Mwaka wa 1966 ilitoa gari la watu wa nyumbani liitwalo Subaru 1000, lenye kuvuta kwa mbele. Injini yake ilikuwa bapa, silinda mbili zimelala upande huu na mbili upande huu. Nayo haikuwekwa kikingamo kama ya Mini. Ilifuata urefu wa gari, na sanduku la gia likakaa nyuma yake, mkia ukielekea kwenye magurudumu ya nyuma. Mpango huo ulifungua njia ambayo wenyewe hawakuwa wakiitafuta.

Kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Japani liko jimbo la Tohoku, ambako majira ya baridi huleta theluji nyingi. Kampuni ya umeme ya huko ilikuwa na wafanyakazi waliopaswa kukagua nyaya milimani katika baridi hiyo. Walitumia magari ya jipu, yaliyopita kila pahali lakini yakawatesa kwa baridi na mitikisiko. Kampuni ikauliza: je, haliwezi kupatikana gari la kawaida, lenye joto na viti vyema, lifikalo lifikapo jipu? Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi wakaitika. Walichukua gari la Subaru la kuvuta kwa mbele, wakatoa mhimili katika mkia wa sanduku la gia, wakaunganisha na vyombo vya nyuma vya Nissan Bluebird. Kiwanda kikayapokea mawazo hayo. Mwaka wa 1971 yakaundwa magari machache tu, na Septemba 1972 Subaru Leone yenye kuvuta kwa manne ikauzwa kwa watu wote.

Leone hiyo ilikuwa magari mawili katika bodi moja. Kwenye barabara kavu ilivuta kwa mbele tu. Penye theluji dereva alisogeza mkono wa chuma, na magurudumu ya nyuma yakaingia kazini. Kwa nini yasifanye kazi daima? Kwa sababu penye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Pasipo difu ya katikati ya kuipatanisha tofauti hiyo, tairi hukwaruza lami na vyuma hukazana. Audi Quattro ya mwaka wa 1980 ilikuwa na difu hiyo, ikavuta kwa manne wakati wote.

Mwaka huo huo Leone ilikuja katika Safari. Mshindi alikuwa Shekhar Mehta, kwa Datsun 160J iliyosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma! Subaru ilingoja mpaka mwaka wa 1997, Colin McRae aliposhinda kwa Impreza, gari lenye nguvu nyingi kupita Leone.

Nawe msomaji, ukija kununua gari, mathalani Toyota Fielder iliyotumika Japani, utaikuta ya namna zote mbili. Ya manne ni nzito zaidi, hunywa petroli zaidi, ina difu ya nyuma itakayo mafuta yake, na tairi zake zote yafaa ziwe za kipimo kimoja na zilizochakaa sawasawa. Akaaye Mombasa na kwenda kwa lami hununua mzigo asiouhitaji. Mwalimu akaaye kwenye miteremko ya Murang'a, ambaye barabara yake ya udongo huloa miezi kadhaa ya mwaka, atapata faida ya kweli kila asubuhi apandapo kilima.

Lakini jioni atateremka kilima hicho hicho. Magari yote mawili yana breki katika magurudumu manne, na udongo uliolowa hauulizi ni magurudumu mangapi yavutayo. Fowili humwondoa mtu pale alipokwama. Haimsaidii kusimama upesi, na uzito wake huongeza kazi ya breki. Dereva aliyepanda pasipo kuteleza hata kidogo huenda asitambue jinsi njia ilivyo mbaya mpaka anapokanyaga breki mteremkoni, mto ukiwa chini yake.