Muziki wa Angani na Kimya cha Voi: Santuri ya Filamu ya Out of Africa katika Historia ya Taita Taveta

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo ya aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka kiwanja cha Voi, ikazunguka juu ya kiwanja hicho, kisha ikaanguka ghafla na kuwaka moto. Waliokufa walikuwa wawili: Denys Finch Hatton, mwana wa ukoo wa kikabaila wa Uingereza aliyejipatia riziki na sifa kwa kuwaongoza matajiri katika uwindaji, na Kamau, Mkikuyu aliyekuwa mtumishi wake. Miaka hamsini na minne baadaye, kifo cha mmoja kati ya hao wawili kikawa kilele cha filamu iliyotungiwa muziki wa okestra unaosikilizwa hadi leo na watu wasiojua hata Voi iko wapi. Makala haya yanauchukua muziki huo, kama ulivyohifadhiwa katika santuri, na kuusoma kama matini: unasimulia nini, unamsimulia nani, na unanyamazia nini.

Mtunzi wake ni John Barry (1933–2011), mzaliwa wa York, Uingereza. Filamu yenyewe, Out of Africa, iliongozwa na Sydney Pollack, ikatolewa Desemba 1985, na mwaka 1986 ikatunukiwa Oscar saba, mojawapo ikiwa ya muziki. Si mara ya kwanza Barry kutuzwa kwa kazi iliyohusu Kenya, kwani alikuwa amekwisha kupata Oscar mbili kwa Born Free ya mwaka 1966. Santuri ya kwanza ya muziki huu ilitolewa na kampuni ya MCA. Mwaka 1997 muziki ulirekodiwa upya na Royal Scottish National Orchestra, chini ya uongozi wa Joel McNeely, kwa kampuni ya Varèse Sarabande. Mwaka 2005 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliuweka katika nafasi ya 15 miongoni mwa kazi 25 bora za muziki wa filamu za nchi hiyo. Kwa hiyo santuri imeishi maisha yake yenyewe, mbali na picha. Wako wengi walioisikiliza bila kuiona filamu, na wengi zaidi walioiona filamu mara moja na kuisikiliza santuri mara mia.

Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Picha zikiondolewa na mazungumzo yakinyamazishwa, kinachobaki ni mfuatano wa vipande vyenye vichwa, na vichwa hivyo ndivyo vinavyomwongoza msikilizaji. Katika santuri ya MCA jina la Karen linarudi tena na tena. Denys anatajwa pamoja na dira aliyompa Karen. Afrika inatajwa kama shamba, kama wimbo na kama kitu cha kurukia juu yake. Ngong haimo. Mombasa haimo. Voi haimo. Kipo kipande cha wimbo wa Kiafrika kiitwacho “Siyawe”, lakini kimeunganishwa kwa mkwaju na “Karen's Journey”, mithili ya tela lililofungwa nyuma ya gari. Kipo pia kipande kiitwacho “Safari”. Neno hilo ni letu, na katika Kiswahili mama aendaye Mwatate sokoni yumo safarini sawasawa na mfalme. Katika santuri limerudi likiwa limenyolewa, halina maana nyingine ila ile ya mahema, bunduki na mgeni mwenye fedha.

Mahadhi makuu ya muziki huu husikika kwa ukamilifu wake wa kwanza pale treni inapokata mbuga, Karen akiwa ndani yake, akitoka pwani kwenda Nairobi. Ala za nyuzi zinapanda polepole, pembe za shaba zinazijibu kutoka mbali, na mwendo wa muziki hauna haraka yoyote ingawa treni inakimbia. Hapo ndipo Denys anapoonekana mara ya kwanza, akiisimamisha treni ili apakie pembe za ndovu. Reli inayosimuliwa ni ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, baada ya kupita Voi na Tsavo. Vibarua wake wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, na mwaka 1898 ujenzi wa daraja la Tsavo ulikatizwa na simba wawili waliokula watu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitandaza reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuwafuata Wajerumani, na mwezi Februari 1916 mlima wa Salaita ukashuhudia mapigano na vifo. Hakuna lolote katika hayo linalogusa mahadhi ya Barry. Treni yake inapita katika nchi ambayo haijatokewa na kitu.

Dhana hiyo ya nchi isiyotokewa na kitu haikuzuka kwa bahati mbaya, na filamu yenyewe inaitamka. Katika onyesho moja mashuhuri, Denys anaiweka gramafoni porini, anaipigia Mozart, na nyani wanasogea kuisikiliza. Anastaajabu kwamba viumbe hao hawakuwahi kusikia sauti iliyotengenezwa na binadamu, na sauti yao ya kwanza ikawa ya Mozart. Onyesho hilo linapendeza, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani linageuza bara lenye ngoma, marimba, zeze na nyatiti kuwa masikio matupu yanayongoja santuri. La kushangaza zaidi ni kwamba kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937, ambacho filamu imekitumia kama chemchemi, kinasema jambo tofauti. Humo gramafoni ya Denys husikilizwa na watu wa jikoni, na Kamante, mpishi Mkikuyu, anakiri kwa haya kwamba anapenda zaidi sehemu ya polepole ya konseto ya piano ya Beethoven katika ufunguo wa G. Yaani katika kitabu Mwafrika ana hukumu yake ya kisanaa, hata kama mwandishi anaishangaa. Katika filamu nafasi ya msikilizaji wamepewa nyani. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha yake juu ya Blixen iliyomo katika Moving the Centre (1993), alimshutumu mwandishi huyo kwa kuwaweka mpishi na mbwa katika mizani moja. Shutuma hiyo ni kali, lakini mtu akiilinganisha filamu na kitabu ataona kwamba Hollywood ilikwenda mbali zaidi.

Taita haikuwa na ukimya huo. Ngoma ya mwazindika inajulikana kote katika kaunti kwa mikikimikiki ya ngoma zake ndefu. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika makala ya mwaka 1957, aliandika kuhusu saka, hali ya kupagawa iliyowapata wanawake wa Kitaita, na iliyohusishwa na tamaa au hofu ya vitu vya kigeni na vya wanaume. Tiba yake mojawapo ilikuwa ngoma ya hadhara. Wasomi wamebishana juu ya maana ya saka, na ubishi huo hautamalizwa hapa. Linalotosha ni kwamba wakati huohuo ambao gramafoni inadhaniwa kuleta sauti ya kwanza, wanawake wa Taita walikuwa na sanaa kamili ya muziki na mwili ya kuukabili ulimwengu mpya ulioletwa na reli, fedha na kazi za mbali. Hiyo nayo ni tafsiri ya ukoloni kwa lugha ya muziki, ila haikuingia katika santuri.

Barry alikuwa na hoja yake, na haki inadai isikilizwe. Alipata kueleza kwamba filamu hii haikuwa juu ya Afrika bali juu ya wapenzi wawili waliokuwamo Afrika, na kwamba muziki ulipaswa kutoka ndani ya nyoyo zao. Kama hoja ya kisanaa, imesimama. Muziki wa Kiafrika uliobandikwa kijuujuu ungekuwa pambo tu, na pambo la aina hiyo limeharibu filamu nyingi. Wala haifai kuudharau muziki wenyewe. Ni maombolezo yaliyopangwa kwa ustadi: tangu kipande cha kwanza unaomboleza kitu ambacho bado hakijapotea, na ndiyo sababu msikilizaji huguswa kabla ya kujua kisa. Mshairi wa tenzi angeitambua mbinu hiyo ya kutangulia kulia kabla ya kusimulia. Tatizo liko kwingine. Muziki unaodai kutoka ndani ya moyo wa mtu mmoja umewekwa juu ya picha za nchi nzima, na msikilizaji, hasa wa santuri, huishia kudhani kwamba nchi ndiyo inayoomboleza.

Kipande cha “Flying Over Africa” kinalidhihirisha hilo. Ndege inapaa, okestra inapanuka, na sauti za kwaya zinaingia zikiimba pasipo maneno. Sauti hizo hazina lugha wala mwimbaji anayejulikana. Kutoka huko juu watu hawaonekani, na maneno hayahitajiki. Lakini ndege ile ya mwaka 1931 haikwenda Voi kutazama mandhari. Finch Hatton alikuwa na nyumba Takaungu, karibu na Kilifi, na kwa mujibu wa Blixen alikusudia kurudi kwa njia ya Voi ili awatafute ndovu kutoka angani. Mtu huyu alikuwa amemwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika uwindaji mwaka 1928 na 1930, na sasa macho ya angani yangeurahisishia uwindaji kazi. Mwaka 1948 nyika hiyo ikafanywa Hifadhi ya Tsavo, na Wawaata waliowinda humo kwa upinde na mishale ya sumu wakahesabiwa kuwa majangili. Ndovu aliyetazamwa kutoka ndegeni akawa mali ya taifa na ya watalii. Yule aliyefuatwa kwa miguu akawa kosa la jinai.

Takaungu inastahili neno zaidi. Blixen anasimulia kwamba aliwahi kuwatungia vijana shambani mwake mistari ya Kiswahili yenye vina, wakafurahi, wakamwomba aseme tena kama mvua. Kisa hicho hunukuliwa mno kama ushahidi wa upole wake. Hata hivyo anakitanguliza kwa dai kwamba wenyeji hawakujua ushairi kabla ya tenzi za shuleni. Vijana wale hawakuwa Waswahili, ni kweli. Lakini lugha aliyoitumia ilikuwa lugha ya Muyaka bin Haji na ya Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, na rafiki yake alikuwa na nyumba katika mji wa Wamazrui, katika pwani ambako vina na mizani vilitumika katika vita, ndoa na matanga. Msafiri wa ndege aliweza kutoka Takaungu hadi Voi kwa muda mfupi, akipita juu ya maktaba nzima.

Filamu nyingine ya eneo hili haihitaji maneno mengi. The Ghost and the Darkness (1996), iliyosimulia habari za simba wa Tsavo, ilipigwa picha Afrika Kusini, na Jerry Goldsmith akaitungia muziki wenye vionjo vya Kiairishi kwa ajili ya mhandisi na sauti za Kiafrika kwa ajili ya pori. Kwa kuchanganya zaidi, Goldsmith hakusogea karibu zaidi.

Wakati huo Taita ilikuwa imekwisha kupeleka santuri yake duniani. Fadhili William Mdawida (1938–2001), ambaye jina lake la mwisho linatangaza Utaita wake, aliurekodi “Malaika” mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Umiliki wa utunzi huo umegombaniwa, na wako wanaomtaja Mtanzania Adam Salim. Lakini sauti iliyousambaza kwanza ni ya Fadhili. Wimbo huo pia ni wa mapenzi yaliyoshindikana. Tofauti ni kwamba mwimbaji anaitaja waziwazi sababu ya kushindikana kwake, nayo ni ukosefu wa mali. Katika Out of Africa mali iko kila mahali, katika kahawa, pembe za ndovu na ardhi, lakini muziki unapoanza mali hufifia, yakabaki mapenzi na anga. Mtu asiyekuwa na mahari hawezi kuimba hivyo.

Na ndani ya filamu yenyewe alikuwamo mwanamuziki ambaye hakuombwa kupiga muziki. Kijana aliyeigiza nafasi ya Kanuthia, aliyetajwa kwa jina la Job Seda, ndiye Ayub Ogada (1956–2019), mzaliwa wa Mombasa na mpigaji wa nyatiti, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya African Heritage. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993. Mwaka 2005 wimbo wake “Kothbiro”, ambao jina lake kwa Kijaluo ni kuja kwa mvua, ulitumiwa katika The Constant Gardener, filamu nyingine ya Wazungu wanaopendana na kufa nchini Kenya. Safari hii uliachwa uwe na maneno yake.

Kuhusu Kamau, filamu haina neno. Bror anapomletea Karen habari ya ajali, habari hiyo ni ya maiti mmoja. Wasifu wa Finch Hatton ulioandikwa na Errol Trzebinski mwaka 1977, ambao filamu iliutegemea pia, uliitwa Silence Will Speak, yaani kimya kitasema. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na kaka yake akamjengea mnara. Kitabu cha Blixen kinamtaja Kamau kwa jina moja tu. Katika santuri, baada ya “Flying Over Africa”, hakuna kipande cha kuanguka. Muziki unatoka angani na kurudi shambani kwa Karen pasipo kugusa ardhi ya Voi.