Ndege ya Pili

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, walakini maneno yao yafaa vilevile kwa vyombo vya angani. Hata neno rubani tumelichukua baharini: lilikuwa jina la mtu aijuaye njia ya maji, aongozaye chombo kisipande mwamba. Leo, tuonapo ndege ikipita juu ya vilima vya Kisii, twauliza upesi ni nani aliyeiunda na ni nani anayeiongoza. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: rubani huyo, alipokwisha kufuzu katika ndege ya kujifunzia, alipanda ndege gani ya pili?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo. Lakini linamkabili kila aingiaye katika kazi ya kuruka, awe ni rubani wa ndege ya vita au kijana wa Nyanchwa mwenye ndege ndogo iongozwayo kwa redio. Kijana huyo amekwisha kujua kuipaza ndege yake, kuizungusha, na kuituliza chini salama. Sasa fedha alizokusanya kwa muda mrefu zamwasha mfukoni, na moyo wake umependa ndege yenye kasi, iliyochongwa mfano wa ndege ya vita. Je, ainunue? Kabla ya kumjibu, inafaa tutazame jinsi wengine walivyolijibu swali hilo katika historia.

Kwanza tufahamu ndege ya kujifunzia ni kitu gani. Katika ndege ndogo za redio, kwa kawaida bawa lake huwekwa juu ya kiwiliwili, na ncha zake huinuliwa kidogo kuliko katikati. Kwa sababu hiyo ndege ikilala upande mmoja, hewa yenyewe huisaidia kurudi sawa. Bawa ni pana na ndege ni nyepesi, nayo huweza kwenda polepole bila kuanguka. Mwanafunzi akichanganyikiwa, mara nyingi huambiwa aache tu vishikio vya kuongozea, na ndege hujirekebisha. Huo ndio wema wake; na ndani ya wema huo mna hatari yake pia, maana ndege isameheyo makosa huyaficha. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyeirudisha sawa, kumbe ni bawa lililofanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Maarifa ya kuongoza chombo kwa redio si ya jana. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri zilizopita hewani bila waya. Mwaka 1937, ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege ndogo waliyoiita Guff. Mmoja alikuwa hodari wa kuunda ndege za mfano, na mwenzake alikuwa fundi wa redio. Ndege yao sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya anga ya Marekani.

Baina ya miaka hiyo lilitukia jambo lenye mafunzo zaidi. Kampuni ya De Havilland ya Uingereza ilikuwa ikiunda ndege ya kufundishia marubani, jina lake Tiger Moth. Mwaka 1935, kutokana na ndege za ukoo huo, ilitokea nyingine iliyoitwa Queen Bee, ambayo iliweza kuruka bila mtu ndani yake. Mtu aliyesimama chini aliiamuru kwa kuzungusha kisahani chenye namba, mfano wa kile kilichokuwa katika simu za zamani. Wapiga mizinga waliitumia kama shabaha ya kujizoeza. Tazama basi: ndege pole iliyoundwa kwa ajili ya wanafunzi iligeuzwa kuwa shabaha ya risasi. Upole wake ulimfaa yule aliyeiongoza kwa mbali, lakini upole huo haukuweza kuikinga na lile iliyotumwa kufanya.

Tutoke sasa huko ng'ambo turudi kwetu. Mwaka 1929, mama mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha mjini Nairobi kampuni ya ndege iliyoitwa Wilson Airways. Alianza na ndege moja tu, Gipsy Moth, na rubani wake alikuwa Tom Campbell Black. Uwanja wa ndege wa Wilson ulioko Nairobi wakumbusha jina la mama huyo hata leo. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways za kutua majini zilianza kushuka Kisumu, zikielekea Mwanza. Hivyo watu wa pande zetu za ziwa wakaanza kuzoea sauti ya injini juu ya vichwa vyao.

Gipsy Moth ilikuwa ndege nyepesi yenye mabawa mawili, moja juu na moja chini, na viti viwili vya wazi, kimoja mbele ya kingine. Wengi walijifunza kwayo kwa sababu ilikuwa na tabia njema. Hata hivyo tabia njema ya ndege si hirizi. Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, alikuwa na Gipsy Moth yake mwenyewe. Tarehe 14 Mei 1931 ndege hiyo ilianguka Voi mara baada ya kuruka, naye akafa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Basi asidhani mtu kwamba akibaki daima na ndege ya kwanza atakuwa amejiepusha na kila hatari.

Mwaka huohuo wa 1931, mwanamke mmoja aliyelelewa Njoro alikuwa akijifunza kuruka kwa Campbell Black. Jina lake ni Beryl Markham, naye kabla ya hapo alikuwa mfunzi wa farasi wa mashindano. Alijifunza kwa Gipsy Moth. Alipofuzu, alinunua ndege yake mwenyewe, Avro Avian. Mtu anayetazamia makuu huenda akasikitika asikiapo habari hii, kwa kuwa Avian nayo ilikuwa nyepesi, yenye injini moja, mabawa mawili na viti viwili vya wazi. Kwa sura ilikuwa kama ndugu ya Moth! Lakini hapo ndipo penye busara. Ndege haikumpa kazi kubwa ya kujifunza upya, basi akili yake ikapata nafasi ya kujifunza mambo mengine: njia, upepo, mawingu, na upweke. Mwaka 1932 aliiendesha Avian hiyo peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Baadaye alichukua barua na abiria, na akawatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani.

Miaka ikapita, na ndipo ilipokuja ndege ya namna nyingine. Tarehe 4 Septemba 1936 Beryl Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, katika Vega Gull, ndege yenye bawa moja lililo chini, iliyofunikwa, yenye nguvu na kasi zaidi. Aliruka kwa zaidi ya saa 20 juu ya bahari ya Atlantiki. Injini ilipokosa mafuta, alishuka katika bwawa la matope huko Cape Breton, nchini Kanada, na ndege ikazamisha pua. Alitoka hai, naye akawa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Vega Gull haikuwa ndege yake ya pili. Laiti angaliipanda mara tu baada ya Moth, nani ajuaye kama jina lake lingalitufikia?

Pengine msomaji atasema kwamba habari za mtu mmoja zaweza kuwa bahati tu. Basi tutazame jeshi zima.

Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, miezi michache baada ya uhuru. Ndege zake za kwanza zilikuwa Chipmunk, ndege ndogo za kufundishia, zenye injini moja na viti viwili. Taifa changa lilikuwa na haja ya kuonyesha nguvu zake, na katika siku zile ndege za vita ziendazo kwa kasi ya ajabu zilikuwa fahari ya mataifa. Lakini ndege iliyofuata haikuwa ya fahari. Ilikuwa Beaver, ndege ya kazi, yenye injini moja, na bawa lililo juu ya kiwiliwili. Ilitengenezwa na kampuni ileile ya Kanada iliyounda Chipmunk, nayo iliweza kutua katika viwanja vifupi vya udongo. Marubani walijifunza kubeba uzito na kutua mahali pagumu, lakini bado waliangalia injini moja tu.

Baada ya hapo ilikuja Caribou, yenye injini mbili, nayo pia ni ya ukoo uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipatikana Strikemaster, ndege za kwanza za jeti katika jeshi hilo. Hata hizo zilitokana na Jet Provost, ndege ya jeti ya kufundishia, na ndani yake marubani wawili hukaa bega kwa bega, hata mjuzi aweza kumsaidia mgeni. Ndipo zikafuata Hunter mwaka 1974, na F-5 mwishoni mwa muongo huo. Tazama ngazi hiyo kwa makini. Katika kila daraja liko jambo jipya, na liko jambo la zamani la kushikilia. Kwanza uzito, kisha injini ya pili, kisha kasi ya jeti. Bandu bandu huisha gogo. Na ndivyo jeshi lililoanza na ndege za wanafunzi lilivyofika kwenye ndege zipitazo kasi ya sauti katika muda wa miaka 14 hivi.

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu wa Nyanchwa. Ndege yake ya pili na iwe na jambo moja jipya, isiwe na matano. Kama ya kwanza ilikuwa na bawa la juu, ya pili yaweza kuwa na bawa la chini, lililonyooka zaidi, lakini bado pana na nyepesi. Ndege ya namna hiyo hukaa vile ilivyowekwa: ukiilaza hulala, na usipoiinua haiinuki. Hapo ndipo rubani ajuapo kama ni yeye aliyekuwa akiruka, au ni bawa la ile ya kwanza. Asichukue kwa mara moja bawa jembamba, uzito mwingi, kasi kubwa, na magurudumu yanayokunjwa, maana kosa likitokea hatajua limetoka wapi, na muda wa kufikiri hautakuwapo.

Tena lazima aifikirie nchi yake. Kisii iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko pwani. Bawa lililoweza kuibeba ndege nzito Mombasa litahitaji mwendo zaidi Nyanchwa, na rafadha itashika hewa kidogo. Kwa hiyo ndege nzito yenye bawa dogo hutua kwa kasi katika nchi yetu, na viwanja vyetu ni vifupi, vimezungukwa na migomba, majani chai na nyumba za watu. Ndege ndogo ikikosa njia haianguki jangwani; yaweza kumwangukia mtoto au mama aliye shambani. Ndiyo sababu Kenya iliweka kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani ndani yake mwaka 2020, na atakaye kurusha hana budi kwanza kuuliza ruhusa inayotakiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Husemwa, mwana akililia wembe, mpe. Methali hiyo yaweza kufaa mahali ambapo mtoto atajikata mwenyewe akapata akili. Angani haifai, kwa kuwa wembe wa angani humkata na asiyeulilia.

Na ile ndege ya kwanza, je, iuzwe? Mwaka 1972, Jeshi la Anga la Kenya lilipokuwa limekwisha kupata jeti zake za kwanza, liliagiza ndege mpya za jina la Bulldog. Hazikuwa ndege za kasi. Zilikuwa za kufundishia, zenye injini moja na rafadha, kama zile Chipmunk za mwaka 1964. Wale waliokwisha kupanda ngazi hawakuitupa daraja ya chini, maana walijua kwamba nyuma yao walikuwa wakija wengine. Kijana naye aiweke ndege yake ya kwanza mahali pakavu. Asubuhi yenye upepo itamfaa kujizoeza upya. Na siku moja mdogo wake atamwuliza jinsi ya kuruka.