Steringi Hafi: Mabishano ya Watazamaji na Utazamaji wa Marudio wa Mfululizo wa Terminator katika Vibanda vya Video vya Dar es Salaam

Msamiati wa watazamaji wa filamu jijini Dar es Salaam una maneno mawili ambayo maana yake ya kisinema haikuamuliwa na chombo chochote cha lugha: steringi na adui. Steringi ni mhusika mkuu anayepigania haki. Adui ni yule anayepambana naye. Maneno hayo huandamana na kanuni inayojulikana kwa kila aliyekulia mjini, kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa na kuzikwa akiwa hai, lakini picha haiishi kabla hajalipiza. Makala haya yanachunguza kilichotokea kanuni hiyo ilipokutana na mfululizo wa filamu za Terminator, uliotoa filamu sita kati ya mwaka 1984 na 2019, na ambao katika filamu ya pili ulimgeuza adui kuwa steringi, kisha ukamwangamiza mbele ya watazamaji. Hoja inayotetewa ni kwamba ubishi uliozushwa na filamu za aina hii, pamoja na mazoea ya kuzitazama tena na tena, ni uhakiki kamili wenye vigezo vyake, na kwa hiyo unastahili kuchukuliwa kama chanzo cha historia ya utamaduni wa jiji.

Mazoea ya kurudia picha hayakuletwa na video. Fair (2018) ameonyesha kwa kina kwamba majumba ya sinema ya Dar es Salaam, yakiwamo Empire, Avalon, Empress na Odeon, yalikuwa na watazamaji waliorudi kwenye picha ileile mara kadhaa, na kwamba mazungumzo baada ya onyesho yalikuwa sehemu ya starehe yenyewe. Picha kama Awaara (1951) ziliwapa watu nafasi ya kupima wajibu wa baba kwa mwana na mipaka ya mapenzi. Kilichobadilika katika miaka ya 1980 ni njia ya kuifikia picha. Uhaba wa fedha za kigeni ulipunguza filamu mpya katika majumba hayo, ambayo usambazaji wake ulikuwa chini ya Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa mwaka 1968. Wakati huohuo kulegezwa kwa masharti ya uagizaji bidhaa kuanzia mwaka 1984 kulifungua mlango wa bidhaa za anasa, deki za video zikiwa miongoni mwake. Majumba makubwa yalififia moja baada ya jingine. Uwanja wa sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, uliofunguliwa mwaka 1966 kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo, hatimaye ukawa mahali pa ubalozi mpya wa Marekani.

Jambo moja halijapewa uzito unaostahili katika maandishi yaliyopo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1974, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam runinga ilianza kazi yake kama chombo cha kuonyeshea kanda, kabla ya kuwa chombo cha kupokelea matangazo. Tofauti hii si ndogo. Matangazo hupita na hayarudi. Kanda hurudishwa nyuma. Kizazi kilichozoea runinga ya kanda kilijifunza kuitazama picha kama kitu kinachoweza kusimamishwa, kurudiwa na kuulizwa maswali.

Mahali pa mafunzo hayo palikuwa kibanda cha video, ambacho wenyeji walikiita pia kibanda umiza, jina linaloeleza vyema hali ya kukaa saa mbili juu ya benchi la mbao, chini ya bati, bila dirisha. Nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki, aghalabu jina la steringi likitangulia jina la picha au likisimama peke yake. Katikati ya jiji na Kariakoo ndiko kanda zilikotoka. Mtaa ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa umeshakuwa ghala la nchi kwa vitambaa, vyombo na vipuri. Haikuwa ajabu ukawa pia ghala la picha. Maduka ya Mtaa wa Aggrey na mitaa jirani yalinakili na kuuza kwa jumla, maktaba za video zikakodisha, vibanda vikaonyesha. Mnyororo huo ulifanana kwa mengi na ule alioueleza Larkin (2008) kuhusu Kano, Nijeria, ambako unakili usio rasmi ulijenga miundombinu ambayo baadaye filamu za nyumbani zilipita humohumo. Filamu za Kitanzania nazo zilifuata njia hiyo.

Mpangilio wa bidhaa Kariakoo uliathiri namna mfululizo ulivyoeleweka. Katika orodha za Hollywood, Terminator ya mwaka 1984 hufuatwa na ile ya 1991, kisha ya 2003, 2009, 2015 na 2019. Mtazamaji wa Dar es Salaam hakulazimika kuzipata kwa utaratibu huo. Kanda ilitazamwa ilipopatikana, na sehemu ya pili ingeweza kutangulia ya kwanza kwa miaka. DVD za mkusanyiko zilipoingia, zikiwa na filamu nyingi ndani ya sahani moja, ziligawanywa kwa jina la mwigizaji. Terminator ilikaa ubavuni mwa Commando (1985) na Predator (1987) kwa sababu zote ni za Arnold Schwarzenegger, au Anold kama jina lake lilivyotamkwa. Kwa mantiki hiyo mfululizo haukuwa wa Terminator; ulikuwa wa Anold. Filamu ya mwaka 2009, ambayo mwigizaji huyo anaonekana kwa sura tu iliyotengenezwa kwa kompyuta, ilikosa kiungo kilichozishika nyingine pamoja.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na linahitaji kukaliwa kwa muda. Kuanzia miaka ya 1990 filamu nyingi za kigeni zilisambazwa Dar es Salaam zikiwa zimeingizwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, sanaa iliyokuwa na ndugu zake Uganda, kwa wasimulizi waitwao VJ, na baadaye Kenya. Aliyepata sifa kubwa zaidi Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Krings (2015), aliyechambua usimulizi wa Lufufu wa filamu ya Titanic, anaonyesha kwamba msimulizi hakutafsiri mazungumzo tu: alifafanua, aliongeza, alitania na kuleta mifano ya hapa nyumbani. Tukitumia vigezo vya Mulokozi (1989) vya fasihi simulizi, yaani fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati, kibanda cha video kinatimiza vyote. Tofauti ni kwamba fanani amehifadhiwa ndani ya kanda huku hadhira ikiwa hai, na hadhira hiyo humjibu hata kama hasikii.

Msimulizi yeyote wa Kiswahili anayeishika Terminator hukabiliwa na uamuzi ambao mwandishi wa filamu hakuufikiria. Muuaji aliyetoka wakati ujao ni mashine iliyovishwa ngozi. Kwa upatanisho wa kisarufi mashine inakuja, inaua, imeharibika. Lakini Anold anakuja, anaua, ameumia. Kwa kuwa hadhira humwita mhusika kwa jina la mwigizaji, ngeli ya viumbe hai humwingiza mashine miongoni mwa watu kabla ya hadithi yenyewe kufanya hivyo. Katika filamu ya kwanza hali hii haileti matatizo, kwani adui naye huwa mtu. Katika filamu ya pili, ambayo mashine ileile inarudi kumlinda mtoto John Connor na mwishoni inateremshwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, swali haliepukiki: je, steringi amekufa?

Majibu yanayowezekana ni mawili, na kila moja lina gharama. Anayesema hakufa, kwa hoja kwamba mashine haina roho na kisicho na roho hakifi, anaiokoa kanuni lakini anapoteza haki ya kusikitika. Anayesema amekufa anavunja kanuni, lakini anaeleza kwa nini watu walinyamaza picha ilipokwisha. Wahakiki wa filamu wameandika mengi kuhusu mpaka wa binadamu na mashine katika kazi hii ya James Cameron. Watazamaji wa Kiswahili waliufikia mpaka huohuo wakipitia upatanisho wa kitenzi na imani juu ya roho. Njia hii ni ngumu zaidi, na pengine ni ya maana zaidi, kwa sababu haimruhusu mbishi kubaki katikati.

Suala la ukoo nalo halikuwa jepesi. John Connor, akiwa kiongozi wa vita mtu mzima, anamtuma kijana Kyle Reese arudi nyuma kumlinda Sarah, na Kyle ndiye anayekuja kuwa baba yake John. Katika jamii ambayo salamu hufuata umri na ukoo kwa pamoja, hali hiyo inazua fumbo la kweli: nani anamwamkia mwenzake shikamoo? Umri unampa John heshima, ukoo unampa Kyle. Kadhalika, jina la filamu ya pili linahusu Siku ya Hukumu, nayo haiwezi kutamkwa kwa Kiswahili bila Kiyama kuingia pamoja nayo. Filamu inaitaja tarehe yake, 29 Agosti 1997. Aliyeirudia kanda hiyo mwaka 1998 alikuwa anatazama Kiyama kilichopitwa na wakati. Waandishi wa filamu ya tatu walilitambua tatizo, wakasogeza tarehe hadi mwaka 2004, nayo ikapita.

Kwa mtazamo huu, filamu ya mwaka 2019, Dark Fate, ina umuhimu wa pekee. Watengenezaji wake waliamua kwamba filamu tatu zilizotangulia zisihesabiwe, hadithi iendelee kutoka ile ya 1991. Uamuzi huo ulizua malumbano makali kati ya mashabiki wa Marekani na Ulaya kuhusu ipi ni sehemu halali ya mfululizo. Kariakoo jambo hilo lilikuwa desturi ya siku nyingi: sehemu iliyohesabiwa ni ile iliyopatikana, ikapendwa, ikarudiwa.

Ugumu wa kuiandika historia hii unatokana na sheria kwa kiasi kikubwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nakala zilizosimuliwa bila kibali cha mwenye filamu ni haramu, na madai ya wasanii wa ndani dhidi yake si ya kubeza. Stempu za kodi zilizoanza kutumika mwaka 2013, na maandamano ya waigizaji wa Bongo Movie yaliyofanyika Kariakoo mwezi Aprili 2017 kupinga filamu za kigeni zinazouzwa kiholela, yalilenga kulinda kipato chao. Hata hivyo, kinachokamatwa na kuteketezwa katika misako ya aina hiyo ni vitu viwili kwa wakati mmoja: filamu ya Marekani, ambayo nakala zake ziko salama kwingineko, na sauti ya fanani wa Kiswahili, ambayo haipo mahali pengine popote. Sheria haikuweka tofauti kati ya hivyo viwili. Kanda za VHS zilizonusurika zina adui mwingine, unyevu wa pwani unaozalisha ukungu juu ya utepe, na nyingi zilikwishafutwa na wenyewe ili zirekodiwe harusi au mechi za Simba na Yanga. Zilizobaki zinahitaji deki inayofanya kazi, na fundi anayeweza kusafisha vichwa vyake bila kuukata utepe.