Tarihi Fupi ya Kuta za Weston

Weston, kitongoji kilichoketi kando ya Mto Humber kaskazini-magharibi mwa Toronto, kilitangazwa kijiji chenye utawala wake mwaka 1881, kikapata hadhi ya mji mwaka 1915, na mwaka 1967 kikaunganishwa na jirani yake York. Na mpita njia wa Weston Road aweza kuisoma tarihi hiyo katika majengo, kwani nyumba za matofali za vichochoroni ni za zama za farasi na za kiwanda cha baiskeli cha CCM, ilhali maghorofa marefu yanayouelekea mto ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini hitilafu iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa nje, maana imo ndani ya kuta.

Fundi wa zamani alisimamisha nguzo za mbao, akazipigilia fito nyembamba zilizoachiana upenyo, kisha akakandika lipu ya chokaa tabaka baada ya tabaka, ikawa lipu ile hupenya katika mianya, hujikunja nyuma ya fito, na ikikauka hushika. Mtu wa pwani yetu angeutambua ukuta huo mara moja, kwa sababu ni nduguye kiambaza.

Kazi hiyo ilitaka ustadi na siku nyingi za kungoja ikauke. Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipewa hataza ya ubao wa jasi uliobanwa baina ya karatasi, na baada ya vita, askari waliporejea na nyumba zikawa adimu, ubao wa namna hiyo ukaishinda lipu katika Amerika ya Kaskazini yote. Ontario haikuhitaji kwenda mbali kuitafuta jasi: mji wa Paris, kwenye Mto Grand, ulipewa jina hilo kwa ajili ya madini hayo. Ubao wa kawaida una unene wa milimita 12.7 tu, nao hupigiliwa juu ya nguzo zinazoachana inchi 16, yaani kama sentimita 40. Katikati ni hewa tupu. Kwa rai yangu huo si ukuta kwa maana waliyoijua wazee wetu, bali ni pazia gumu.

Katika majumba ya mawe ya Lamu, sahani za kaure zilikaa ndani ya ukuta wenyewe, katika zidaka, na penye haja ya kuangika kitu kilichomekwa kigingi cha mti. Hata London vigingi ndivyo vilivyotumika, mpaka John Joseph Rawlings, alipotakiwa kufunga vyombo vya umeme katika British Museum bila ya kuziharibu kuta, akabuni mrija wa nyuzi unaotanuka parafujo iingiapo. Hataza yake ni ya mwaka 1911. Mrija huo, hata hivyo, wataka jiwe au tofali la kuubana pande zote, na ukuta wa jasi hauna.

Basi mafundi wakairudia, pengine bila ya kujua, hila ya lipu ya kale, ya kushika kwa nyuma. Ipo parafujo yenye mbawa mbili zinazofumbwa na kufunguka kwa kamani: hutobolewa tundu kwa kekee, unga mweupe ukamwagika sakafuni, mbawa zikapitishwa zimefumbwa na kufunguka gizani upande wa pili; hapo fundi huivuta parafujo kwake huku akikaza, la sivyo mbawa huzunguka bure.

Televisheni ya kale, yenye kioo cha mbinuko na mgongo mkubwa, haikuwa na shauri na ukuta, kwa kuwa uzito wake uliitaka meza. Ya leo, ya inchi 32, aghalabu ina kilo tano hivi, na mpangaji wa ghorofa la Weston asiyepata nguzo mahali anapopataka aweza kuiangika kwa parafujo nne za mbawa, maadamu chuma chake kinalala bapa ukutani na uzito unashuka chini. Atakaye mkono wa kuchomoza na kugeuka, huyo amejitengenezea wenzo unaoing'oa jasi kwa kuivuta mbele, na hana budi kuitafuta nguzo, hata kama televisheni itasogea mbali na kochi.