Nyumba ya Wageni wa Sultani

Katika Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, karibu na gati la boti ziendazo Unguja, limesimama jengo lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na milango iliyotiwa nakshi za Kiunguja. Watu huliita Boma la Kale, na wengi wapitao hapo hudhani kuwa ni kazi ya Wajerumani. Kumbe Wajerumani walilikuta. Lilijengwa mnamo 1866 na 1867 kwa amri ya Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, jirani na kasri lake jipya, ili liwe nyumba ya kulaza wageni wake. Miongoni mwa majengo ya kale kabisa yaliyosalia mjini, basi, limo hili ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kukirimu.

Mwezi Septemba 1867 Majid alifanya karamu kubwa katika mji huo, akawaalika makonseli wa Uingereza, Ufaransa, Marekani na Ujerumani. Alitaka waone bandari, barabara na majumba, na wakubali kwamba utawala wake umevuka bahari. Desturi ya nyumba za wakubwa wa Kiunguja yajulikana: mgeni huletewa kahawa na halua, hufukizwa udi, hunyunyiziwa marashi kwa mrashi wa fedha. Mgeni wa namna hiyo halipi hata pesa moja. Lakini isisahauliwe kwamba ukarimu ule ulibebwa mabegani mwa watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, miaka mitatu baada ya Majid kufariki. Waliokoka moto wa kahawa ile hawakualikwa kuinywa.

Sayyid Barghash, aliyemrithi ndugu yake mwaka 1870, hakuushughulikia sana mji wa Majid. Moyo wake ulikuwa Unguja. Huko alijenga hamamu za Kiajemi katika mtaa ambao hata leo waitwa Hamamni, na watu wa mji wakawa wanalipa, wanaingia, wanaoga maji ya moto na kupumzisha viungo, hadi hamamu zikafungwa mwaka 1920. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayelalamika kwamba siku hizi hata kukandwa mwili ni biashara. Kulipia raha ya mwili si uzushi wa jana. Somo naye, yule mama anayemfunda mwari na kumsugua singo siku za arusi, hatoki mikono mitupu; hupewa kanga, hupewa fedha, hupewa na heshima ya kukaa mbele.

Ni Barghash huyo huyo aliyempeleka Mohamed Ibrahim hadi Misri kujifunza muziki, na taarabu ikawa burudani ya kasri. Ilichukua miaka mingi kutoka humo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watu wanyonge, aliitia Kiswahili cha mitaani na kesi za mahakamani, na mwaka 1928 akaenda kurekodi sahani za santuri Bombay. Kilichokuwa cha wateule kikawa cha kila mwenye masikio. Hapana tukio kubwa kuliko hilo katika historia ya sanaa yetu ya pwani, na waandishi wa vitabu vya utalii aghalabu hulipita kwa sentensi moja.

Dar es Salaam nayo ilifuata njia nyingine. Wajerumani waliufanya mji kuwa makao makuu mwaka 1891, kisha wakajenga karibu na bandari hoteli yao ya Kaiserhof, ambayo Waingereza waliita New Africa. Mji ukagawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma, huko ambako kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, iliacha jina la Kariakoo. Mwenyeji alifika hotelini akiwa na sinia mkononi, na jioni akarudi Kariakoo.

Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Kivukoni ikapata Hoteli ya Kilimanjaro, mali ya umma, ndefu, inayotazama bandari. Haukupita muda swali likazuka. Mwaka 1970 vijana wa TANU na wasomi walibishana katika gazeti la The Standard: je, nchi ya Ujamaa yafaa kutumia fedha zake kujenga vitanda vya wageni matajiri? Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Wengine walihesabu fedha za kigeni; wengine waliogopa kwamba taifa zima litageuzwa kuwa mtumishi. Hesabu za upande wa kwanza zilishinda, ila hofu ya upande wa pili haikujibiwa. Hoteli ilikuja kukarabatiwa, ikafunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski, na baadaye ikapita mikononi mwa Hyatt.

Leo hoteli za anasa za pwani na visiwani huuza singo kwa saa. Liwa, karafuu na asumini ni vile vile. Hata anayesugua huenda ni binti wa somo. Lakini singo ya arusi hufuatana na maneno: mwari huambiwa jinsi ya kuishi na mtu, huchekwa, huliliwa, huimbiwa na wanawake waliomlea. Chumbani hotelini maneno hayo hayamo, kwa kuwa mgeni hayaelewi, na pengine ni heri yasiuzwe. Taarabu nayo hupigwa kandokando ya bwawa la kuogelea, bila mtunza wa kuinuka na noti, bila fumbo la kumchoma jirani. Imerudi kasrini, ila kasri hili halina mwenyeji anayejua ushairi.

Boma la Kale lilikarabatiwa, na tangu mwaka 2017 limekuwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Hakuna alalaye humo. Wageni hutembezwa mitaa ya mji mkongwe kwa miguu na vijana wa mjini, ambao huwaeleza kwa maneno yao wenyewe nani alijenga nini, na nani alibeba mawe.